Nishani haimo kwenye DD 214: mwongozo kamili wa kurekebisha rekodi ya utumishi katika jeshi la Marekani

Wakenya, Wakongo, Watanzania, Waganda na Warundi waliopitia jeshi la Marekani, wengi wakiwa na green card, wachache kupitia MAVNI, mpango wa wahamiaji wasio na green card uliosimamishwa mwaka 2016, wote waliondoka na karatasi moja inayobeba utumishi wao mzima: DD 214. Ndiyo inayosomwa na VA (idara ya serikali inayohudumia maveterani), na afisa ajira wa serikali, na siku moja na msimamizi wa mazishi. Kama nishani uliyoistahili haikuandikwa humo, mbele ya hao wote hukuipata.

Jambo hili si la heshima peke yake. Mwenye Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, huwekwa na VA angalau katika kundi la 3 la kipaumbele cha matibabu na hachangii gharama za kutibiwa. Kama aliipata kwa utumishi wa kuanzia tarehe 11 Septemba 2001 na akaachishwa kwa heshima, hupata GI Bill, msaada wa kulipia masomo, kwa asilimia 100 hata kama hakutumikia miezi mingi. Anapoomba kazi serikali kuu ana upendeleo wa pointi 10. Combat Infantryman Badge au Combat Action Badge, beji za waliokabiliana na adui, kwa anayedai fidia ya PTSD (athari za kiwewe akilini), humwondolea mzigo wa kuthibitisha upya kwamba alikuwa kwenye mapigano. Kwa hiyo usione haya kuidai. Ni haki yako, na kuidai hakugharimu hata senti: hakuna ada ya fomu wala ya bodi, na mashirika ya maveterani kama American Legion, VFW na DAV husaidia kujaza bure. Anayekutoza pesa "akufungulie faili" anakuuzia kitu cha bure.

Kabla ya fomu, jua kosa lako ni la aina gani

Maombi mengi hukwama kwa sababu moja: yamepelekwa mlango usio wake. Mtu anakimbilia bodi ya marekebisho kwa kosa ambalo karani angelimaliza, au anamwomba karani ampe nishani ambayo hakuna kamanda aliyewahi kuidhinisha. Kwa hiyo kaa chini kwanza, uweke kila nishani unayoidai katika fungu lake.

Fungu la kwanza ni nishani iliyotolewa kweli. Amri ilitiwa saini, ina namba na tarehe, ila aliyechapa DD 214 aliiruka. Fungu la pili ni nishani za kampeni na utumishi, zile zinazokuja kwa kuwa ulikuwa mahali fulani katika tarehe fulani. Hizi hazihitaji amri ya mtu. Rekodi ya mahali ulipokuwa inatosha. Fungu la tatu ni nishani ambayo haikuwahi kuidhinishwa: pendekezo lilipotea mezani, au kamanda alihamishwa, au halikuandikwa kabisa. Bronze Star, Army Commendation Medal na Silver Star zisizo na amri huangukia hapa.

Katikati kuna kundi lenye utata: Purple Heart, Combat Action Badge na Good Conduct Medal. Zina vigezo vilivyoandikwa, lakini lazima mwenye mamlaka athibitishe kuwa umevitimiza. Tutazirudia moja moja.

Soma DD 214 kama mkaguzi

Chukua nakala namba 4, ile ndefu yenye sababu ya kuachishwa na aina ya utumishi. Kama unayo nakala fupi tu, agiza ile ndefu kabla ya kuendelea, maana ofisi nyingi hazitaikubali hiyo fupi.

Kisanduku namba 13 ndicho cha nishani, beji na tepe za vipindi vyote vya utumishi. Huandikwa kwa herufi kubwa na vifupisho, kila nishani ikitengwa na inayofuata kwa mistari miwili ya mkwaju, na mwisho wake huwa NOTHING FOLLOWS. Nafasi ikiisha, utaona CONT IN BLOCK 18. Watu wengi hulalamika kwamba nishani haimo kumbe imehamia kisanduku namba 18, chini ya maneno mengine.

Kisanduku hicho cha 18 kina faida nyingine kubwa. Hapo ndipo huandikwa ulikopelekwa, kwa mfano SERVICE IN AFGHANISTAN FROM 20110305 TO 20120228, yaani kuanzia tarehe 5 Machi 2011 hadi tarehe 28 Februari 2012. Kama mstari huo upo lakini kisanduku namba 13 hakina Afghanistan Campaign Medal, fomu inajipinga yenyewe, na huhitaji shahidi mwingine. Angalia pia idadi ya nyota za shaba, moja kwa kila awamu ya kampeni uliyokuwepo. Awamu iliyoitwa Consolidation III iliisha tarehe 30 Juni 2011, na Transition I ikaanza kesho yake. Askari wa mfano wetu alikuwepo katika awamu zote mbili, kwa hiyo anastahili nyota 2 za shaba juu ya utepe. Ikiandikwa moja, hilo ni kosa linalorekebishwa kama mengine.

Kama safari yenyewe haimo kisanduku namba 18, anza na hiyo. Omba safari na nishani katika barua moja, safari ikitangulia, kwa sababu nishani ya kampeni inaitegemea.

Neno moja la tahadhari: usiguse karatasi yenyewe kwa kalamu wala kompyuta. Sehemu ya juu ya fomu imeandikwa kwamba kubadilisha chochote katika sehemu zenye kivuli kunaibatilisha. Marekebisho halali huja kwa fomu tofauti, DD 215, inayoambatanishwa na ile ya awali. Ni mara chache sana DD 214 yote kuchapwa upya, kwa hiyo usiogope ukiletewa karatasi moja nyembamba ya mistari michache. Hiyo ndiyo rekebisho lenyewe. Ibane pamoja na DD 214 na uzitoe zote mbili kila unapoombwa.

Agiza faili lote, si DD 214 tu

Faili kamili la utumishi huitwa OMPF. Njia mbili: mtandaoni kupitia eVetRecs ya Hifadhi ya Taifa ya Marekani, ambako utathibitishwa utambulisho kupitia ID.me, au kwa fomu ya SF 180 inayotumwa kwa barua au faksi kwenda kituo cha kumbukumbu cha St. Louis, Missouri, kinachojulikana kama NPRC. Ukurasa wa mwisho wa SF 180 una jedwali linaloonyesha faili lako linashikwa na nani kulingana na jeshi na mwaka ulioondoka. Kwa Jeshi la Nchi Kavu mpaka ni Oktoba 2002: walioondoka baada ya hapo faili zao ni za kielektroniki na ziko chini ya kamandi ya rasilimali watu, HRC, Fort Knox, Kentucky.

Kwenye SF 180 andika kwamba unataka faili lote pamoja na DD 214 kamili isiyofutwa kitu. Ukiomba "nishani zangu" tu, utaletewa orodha bila karatasi zilizo nyuma yake, na karatasi hizo ndizo unazozihitaji. Rekodi za hospitali ni maombi tofauti; za miaka ya karibuni hukaa VA. Tia saini na tarehe kwa mkono. Fomu isiyo na saini hurudi ilikotoka, na kosa hili hutokea kila siku.

Hapa pana jambo linalowahusu hasa watu wa kwetu. Andika jina kama lilivyokuwa siku ulipoapa, si kama lilivyo sasa. Majina yetu matatu huchanganywa na kompyuta za Marekani: la babu linakuwa la ukoo, la kati linapotea, mengine yanaunganishwa. Kisha mtu anapata uraia, anachagua jina fupi, na faili linatafutwa kwa jina lisilokuwepo. Tumia jina la mkataba wa jeshi, na katika nafasi ya maelezo taja majina mengine yote uliyowahi kutumia. Kama ulibadili jina kisheria, ambatisha nakala ya uthibitisho. Hati yoyote ya Kiswahili au Kifaransa, kwa mfano cheti cha ndoa cha Tanzania au cha kuzaliwa cha Kongo, iende na tafsiri ya Kiingereza yenye saini ya mfasiri na tamko lake kwamba anazimudu lugha zote mbili.

Faili likifika, tafuta vitu hivi. Kwa waliotumikia enzi za Vietnam kuna DA Form 20: kipengele cha 38 ni vituo vyote ulivyopangiwa, cha 40 ni majeraha, cha 41 ni nishani. Iliyofuata ni DA Form 2-1, ambako nishani ziko kipengele cha 9 na vituo kipengele cha 35. Kizazi cha Iraq na Afghanistan watafute muhtasari wa rekodi unaoitwa ERB, au ORB kwa maofisa, pamoja na amri zenyewe. Amri ya nishani ni karatasi ya nusu ukurasa hivi: juu jina la makao makuu yaliyoitoa, chini yake namba ya amri na tarehe, kisha jina lako, kikosi, nishani, kipindi kinachohusika na kifungu cha mamlaka. Cheti kizuri cha fremu kinasaidia, lakini amri yenye namba ndiyo inayofunga mjadala.

Nishani zinazosahaulika mara kwa mara

National Defense Service Medal ni ya karibu kila aliyekuwa kazini katika vipindi vinne: 27 Juni 1950 hadi 27 Julai 1954, 1 Januari 1961 hadi 14 Agosti 1974, 2 Agosti 1990 hadi 30 Novemba 1995, na 11 Septemba 2001 hadi 31 Desemba 2022. Army Service Ribbon hutolewa ukimaliza mafunzo ya awali, tangu tarehe 1 Agosti 1981. Mbili hizi zikikosekana, karani atazirudisha bila mabishano.

Nishani za Iraq na Afghanistan zilianzishwa Novemba 2004, na kabla ya hapo watu walipewa Global War on Terrorism Expeditionary Medal. Aliyetumikia huko kabla ya tarehe 30 Aprili 2005 anaweza kuomba ibadilishwe iwe ya kampeni, lakini hawezi kushika zote mbili kwa kipindi kilekile. Wengi huandika "niongezewe" ilhali sahihi ni "nibadilishiwe", na ombi linakataliwa kwa neno hilo moja. Kigezo cha muda ni siku 30 mfululizo au 60 zisizofuatana; aliyejeruhiwa au kupigana hahesabiwi siku.

Kwa walioko Korea baada ya vita kuna Korea Defense Service Medal, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002 lakini inarudi nyuma hadi tarehe 28 Julai 1954. Wazee walioondoka kabla ya 2002 hawawezi kuwa nayo kwenye DD 214 ya awali. Ni hivyohivyo kwa nishani ya vita iliyotolewa na serikali ya Korea, ambayo Marekani iliikubali mwaka 1999.

Tuzo za kikosi nazo husahaulika sana. Vikosi vyote vya Jeshi la Nchi Kavu vilivyotumika Vietnam vilipewa Gallantry Cross with Palm ya Vietnam kwa tangazo la mwaka 1974, baada ya wengi kuwa wamesharudi nyumbani. Kijitabu DA Pam 672-3 kinaorodhesha tuzo za vikosi kuanzia 1961 hadi 1987, na DA Pam 672-1 ni cha Vita Kuu ya Pili na Korea. Tafuta kikosi chako hadi ngazi ya kombania, kisha linganisha tarehe: ulipaswa kuwemo wakati wa tendo, si wakati wa sherehe.

Kwa familia za wapiganaji wa Vita Kuu ya Pili kuna zawadi ambayo haijulikani na wengi: aliyepewa Combat Infantryman Badge au Combat Medical Badge kati ya tarehe 7 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945 anastahili Bronze Star kwa hiyo beji peke yake.

Good Conduct Medal ni ya askari wa kawaida aliyemaliza miaka 3 bila doa. Kamanda anatakiwa aidhinishe, na mara nyingi aliyesahau ni kamanda. Kama faili lako halina hukumu ya mahakama ya kijeshi wala barua ya kamanda inayokunyima, hoja yako ina nguvu, na bodi imezoea kuirudisha.

Usipoteze pumzi kudai visivyoandikwa kwenye DD 214: vipande vya dhahabu vya mkononi vya miezi sita sita, nembo ya bega la kulia ya waliokwenda vitani, sarafu za makamanda na vyeti vya pongezi. Ulivistahili, ila mahali pake si humo.

Ombi la kwanza: karani, si bodi

Kwa fungu la kwanza na la pili, andika barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi inayoshika faili lako. Kwa Jeshi la Nchi Kavu ni HRC au NPRC kulingana na mwaka. Jeshi la Majini ni kamandi ya Millington, Tennessee. Jeshi la Anga ni kituo cha Randolph, Texas. Aliyetumikia National Guard (askari wa akiba wa majimbo) chini ya jimbo anahusika na fomu NGB 22, na hiyo hurekebishwa na makao makuu ya Guard ya jimbo lake. Kuipeleka St. Louis ni kupoteza miezi.

Barua iwe kavu. Jina, namba ya utumishi, tarehe za kuingia na kutoka. Kisha: "Naomba DD 215 iongeze kwenye kisanduku namba 13 Afghanistan Campaign Medal yenye nyota 2 za shaba. Kisanduku namba 18 kinaonyesha nilikuwepo 20110305 hadi 20120228. Angalia kielelezo A." Nishani moja, sentensi moja, kielelezo kimoja. Bila shaka utaiandika kwa Kiingereza, na majina ya nishani uyanakili kama yalivyo kwenye amri. Ambatisha nakala, usitume hati halisi kamwe.

Usichanganye katika barua hii nishani za fungu la tatu. Karani asiye na mamlaka ya kuamua hiyo moja ataliweka ombi zima pembeni, na zile rahisi nazo zitakwama.

Majibu ya maandishi yahifadhi hata yakiwa ya kukataa. Bodi ya marekebisho hukuuliza kwanza kama umeimaliza njia ya kawaida, na barua hiyo ndiyo ushahidi.

Faili lilipoungua

Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza kati ya mafaili milioni 16 na 18 huko St. Louis. Yaliungua takriban asilimia 80 ya mafaili ya Jeshi la Nchi Kavu ya walioondoka kati ya tarehe 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960, na asilimia 75 ya Jeshi la Anga ya walioondoka kati ya tarehe 25 Septemba 1947 na 1 Januari 1964, kwa majina yanayofuata Hubbard, James E. kialfabeti. Hakukuwa na nakala nyingine.

Hilo si mwisho wa njia. NPRC itakuletea fomu NA 13075 kwa maelezo ya utumishi, au NA 13055 kwa matibabu. Zijaze kwa ukamilifu: kikosi hadi kombania, kambi, mwezi na mwaka. Kwa hayo wataalamu hutafuta ripoti za asubuhi za kombania, zilizoandika kila siku nani kaingia, nani katoka, nani kapelekwa hospitali, pamoja na hati za malipo ya mwisho. Ukiandika "Infantry, Korea, 1951" hakuna wa kukusaidia, kwa kuwa ripoti hizo zimepangwa kwa kikosi na tarehe. Barua za zamani nyumbani zikague: anwani ya mtumaji juu ya bahasha, yenye kombania na rejimenti, imewafungulia njia wengi. Pia kuna nakala za DD 214 zilizosajiliwa na wazee katika ofisi ya kaunti waliporudi. Ulizia huko.

Purple Heart na Combat Action Badge

Purple Heart haina mwisho wa kuombwa, na wala haitolewi kwa hisani ya kamanda: ukitimiza vigezo ni yako. Vigezo ni vitatu na vyote lazima vionekane kwenye karatasi: jeraha, adui ndiye chanzo, na jeraha lilihitaji kutibiwa na wahudumu wa afya, matibabu yakaandikwa. Kinachokosekana mara nyingi ni cha pili. Karatasi ya zahanati inasema "mkono umekatika na chuma", haisemi chuma kilitoka kwenye kombora. Basi unganisha na kumbukumbu ya kikosi ya siku hiyo inayoeleza shambulio, saa na mahali.

Gari kupinduka bila adui, kuugua, kuzidiwa na joto na PTSD havistahili. Mtikisiko wa ubongo kutokana na mlipuko unastahili, ila uwe umetibiwa na kuandikwa. Na hapa ndipo watu huumia moyo: VA kukupa asilimia za fidia kwa jeraha hilo hakuthibitishi Purple Heart. VA huamua kwa kukupa wewe faida ya shaka; jeshi linataka ushahidi wa wakati ule.

Combat Action Badge ilianzishwa tarehe 2 Mei 2005 na inarudi nyuma hadi 18 Septemba 2001. Lazima wewe binafsi uwe umeshambulia au kushambuliwa. Kuishi katika kambi iliyokuwa ikirushiwa makombora mara kwa mara hakutoshi. Eleza ulikuwa wapi na lilianguka umbali gani.

Shahidi mzuri hasemi "alikuwa askari shupavu". Anasema yeye ni nani, alikuwa kikosi gani na cheo gani, alisimama wapi, tarehe na saa, na aliona nini kwa macho yake. Barua mbili za namna hiyo zinashinda kumi za sifa. Zikifanana neno kwa neno, zote hupoteza uzito. Wakili wa viapo si lazima: sheria ya shirikisho, kifungu 28 U.S.C. 1746, inakubali tamko lililotiwa saini chini ya adhabu ya kusema uongo. Shahidi aliye nje ya Marekani, awe Mombasa, Bukavu au Muscat, aongeze kwamba anatamka hivyo chini ya sheria za Marekani. Bila maneno hayo tamko la nje halitimizi kifungu.

Bodi ya marekebisho na fomu DD 149

Karani akikataa, au jambo likiwa la kuhukumiwa, nenda kwenye bodi. Kila jeshi lina yake: ABCMR kwa Jeshi la Nchi Kavu, BCNR kwa Majini na Marine, AFBCMR kwa Anga. Fomu ni DD 149. Usiichanganye na DD 293, ambayo ni ya kubadili aina ya kuachishwa na haihusiki na nishani.

Muda wa kisheria ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa. Uliyegundua umechelewa usirudi nyuma: bodi ina uwezo wa kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, na hufanya hivyo hoja ikiwa nzito. Nafasi ya maelezo hayo ipo kwenye fomu, usiiache wazi. Sema lini uligundua na vipi, kwa mfano ulipokataliwa na VA, utaje tarehe ya barua.

Katika sehemu ya ombi andika matokeo unayotaka, si malalamiko. Katika sehemu ya sababu eleza kosa kwa mpangilio wa tarehe, kila dai likielekeza kwenye kielelezo chenye herufi. Weka humo DD 214, kurasa za faili zinazohusika, barua ya kukataliwa, matamko ya mashahidi na kumbukumbu za kikosi. Kumbuka bodi inaanza na dhana kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Kiwango ni uzito wa ushahidi kuelemea upande wako. Haitakiwi iwe bila shaka yoyote.

Kabla ya kutuma, soma maamuzi ya zamani ya bodi, ambayo huchapishwa mtandaoni majina yakiwa yamefutwa. Tafuta nishani yako na kikosi chako. Utaona bodi ilishawishika na nini na ilikataa kwa nini, nayo ni elimu kuliko mwongozo wowote, huu ukiwemo.

Baadaye bodi inaweza kuomba maoni ya wataalamu wa nishani wa jeshi husika, na utaletewa nakala. Yakiwa dhidi yako, jibu ndani ya muda uliopewa, hoja kwa hoja. Wengi huyasoma wakadhani ni hukumu, wakanyamaza, na bodi ikabaki na upande mmoja tu. Usikilizwaji wa ana kwa ana ni nadra. Jiandae kushinda kwa karatasi. Sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi 10, na lolote lisivuke 18. Ukihama, wajulishe anwani mpya.

Ukikataliwa, kuomba upya kunaruhusiwa wakati wowote ukiwa na ushahidi ambao bodi haikuuona. Kurudia hoja zilezile hakutasomwa.

Nishani ambayo haikuidhinishwa kamwe

Kwa fungu la tatu, muda wa kupendekeza nishani huwa umeshapita, lakini sheria 10 U.S.C. 1130 inaacha mlango: pendekezo linapitishwa kwa mbunge au seneta wa Marekani, naye analipeleka kwa waziri wa jeshi husika, ambaye lazima alipime kwa ubora wake bila kujali ucheleweshaji. Huwezi kujipendekeza. Anayependekeza awe anayelijua tendo mwenyewe, bora zaidi kamanda wako wa wakati ule. Kwa Jeshi la Nchi Kavu anajaza DA Form 638, anaandika rasimu ya sifa za nishani, na kuambatisha matamko ya walioona. Wewe unasaini ridhaa ya faragha ili ofisi ya mbunge iweze kuulizia faili lako. Kupandisha nishani, kama Bronze Star kuwa Silver Star, hupita njia hii hii.

Familia, na walioko Afrika Mashariki

Askari akifariki, wanaoruhusiwa na NPRC kuomba ni mjane au mgane asiyeolewa au kuoa tena, mzazi, mtoto, kaka au dada. Ambatisha uthibitisho wa kifo. Mjukuu hahesabiwi, kwa hiyo mama au mjomba ndiye atie saini. Ila ikishapita miaka 62 tangu askari aondoke jeshini, faili linakuwa la wazi kwa yeyote, kwa kulipia nakala. Kwa bodi, mrithi au mwakilishi wa kisheria anaweza kusaini DD 149 na kuonyesha undugu wake.

Wajukuu wa askari wa King's African Rifles, ambao huuliza sana, njia yenu ni nyingine kabisa: nishani zile ni za Uingereza na maombi huenda Wizara ya Ulinzi ya Uingereza.

Aliyerudi Nairobi au Kigoma anaweza kushindwa na uthibitisho wa mtandaoni asipokuwa na namba ya simu ya Marekani. SF 180 na DD 149 za karatasi zinakubalika bila shida. Toa anwani ya posta ya ndugu aliyeko Marekani kama unaye, kwa kuwa pakiti nene za kumbukumbu hupotea njiani.

DD 215 ikishatoka, nishani zenyewe zinaombwa tofauti, kwa SF 180 hiyo hiyo, na seti ya kwanza kwa askari ni bure. Kisha peleka nakala ya DD 215 VA mwenyewe. Jeshi halitawapelekea, na faili lao litaendelea kusoma DD 214 ya zamani mpaka utakapoibadilisha.